Sakafu ya Gari la Asali

Lilifika gereji Cheyo limevaa vumbi la Inyonga
mpaka ndani ya dashibodi, mpaka ndani ya mkate wa safari.
Ndaki akashuka upande wake, Kalunde upande wake,
wakanisalimia kwa kupayuka, kana kwamba mto umepita kati yetu,
nami nimesimama hapa, hatua mbili.

"Sakafu," akasema mama. "Miguu yangu inakula barabara."

Nikang'oa viti. Nikang'oa kilichowahi kuwa zulia.
Chini yake nta, senti za zamani, nyuki mkavu,
na bati lenye kutu, kama ukoko wa ugali uliosahauliwa.

Giza lilipoingia niliweka taa uvunguni,
nikapanda ndani kuhesabu mwanga.
Kumi na tisa.
Mengine ya kiwandani, yamepoteza vizibo;
mengine ya boliti za kiti ambacho hakuna aliyekikumbuka;
moja, chini ya kisigino cha dereva, limeliwa na mguu wenyewe:
miaka ishirini na miwili ya kukanyaga klachi.

Brashi ya waya. Msasa. Rangi ya kuzuia kutu.
Kubwa nikalichomelea kiraka. Ya mviringo nikayapa vizibo
nilivyokata kwenye soli ya kandambili, ya bluu, ya mguu wa kushoto.
Madogo ribiti, na silikoni juu yake,
nikaisawazisha kwa kidole chenye mate.
Mawili nikayaacha, ya pembeni, chini kabisa.
Sizya, kijana wangu, akauliza: mbona hayo?
Nikamwambia, maji yakiingia yapate pa kutokea;
nyumba isiyo na mlango wa uani hunuka.

Kisha mlio.
Bati ligonge kwa kifundo cha kidole.
Kwenye mkunjo linasema *ti*, limekaza;
katikati linasema *ngwaaa*,
na linaendelea kusema hata ukishaondoa mkono.
Hapo ndipo pa kuweka uzito. Si kote.
Asiyejua hufunika kote, akauza lami kwa kilo.
Mimi nilikata lami ya paa vipande vya kiganja na nusu,
nikavipasha kwa pasi ya mkaa ya mke wangu (asijue),
nikakandamiza mpaka *ngwaaa* ikawa *du*.
Du. Neno moja, basi.

Wakaja Jumamosi, wakalipa nusu fedha, nusu asali.
Wakashika njia ya Sikonge.
Injini niliisikia. Bati, hapana.

Baada ya wiki mbili Ndaki akarudi, peke yake, kwa miguu.
Akakaa juu ya tairi. Akaanza kupayuka, akajikamata.
"Fundi," akasema polepole, "hujui kurudisha kelele kidogo?"

Nikacheka. Hakucheka.

"Miaka yote ile mimi nasema *nini?*, yeye anasema *basi, acha*.
Sasa hakuna *nini*. Tulifika Ipole hatujasema neno.
Nasikia anavyopumua. Nasikia kitenge chake kikisugua kiti.
Halafu, katikati ya msitu, akaniuliza,
kwa sauti ya kawaida, fundi, ya kuombea chumvi,
kama na mimi huwa namkumbuka yule mtoto."

Wahenga walituonya: usipoziba ufa.
Ukiziba, hawakusema.

"Ukamjibu nini?"

Akageuza kofia, akaikagua ndani kama ina namba ya simu.
"Nilisimamisha gari. Nikasema nasikia kitu kinagonga chini.
Nikalala uvunguni kitambo, nikitazama viraka vyako.
Hakikuwa kitu.
Uliziba vizuri."

Nilitafuta cha kusema, nikapata kopo la vizibo.
Nikampa kimoja, cha bluu, cha akiba. Sijui kwa nini.
Akakitia mfukoni kama chenji.
Kesho alfajiri, akasema, wanarudi Inyonga kufuata madumu,
yeye na mama,
saa tano za barabara.